Laini ya Mama Mkwe

Melkizedeki alikamatwa Jumanne, saa nne asubuhi, kwa sababu ya sauti ambayo haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mwanamke, tena mwanamke mzee, na kila aliyeisikia alijua hivyo. Lakini laini iliyoituma ilisajiliwa kwa kidole gumba cha Melkizedeki, na siku hizi mwenye kidole ndiye mwenye maneno.

Walimkuta kwenye kazi yake, kwa Mselemu. Watu hupaita kiwandani, ingawa ni banda la mabati lenye mashine mbili za kukamua alizeti, kando ya barabara ya kwenda Unyambwa. Ulikuwa mwezi wa saba, msimu umepamba moto. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka nje, na wakulima wamelala juu yake wakisubiri zamu. Melkizedeki alikuwa na mafuta mpaka kwenye viwiko na vumbi la mashudu kwenye nyusi. Wanaume wawili waliovaa kiraia wakasimama mlangoni.

"Melkizedeki ni nani hapa?"

"Ni mimi. Kama mna mzigo, foleni inaanzia kule nyuma ya trekta."

"Mzigo ni wewe," alisema mmoja wao.

Wakulima walicheka, maana hawakujua. Melkizedeki naye alicheka kidogo. Kisha akaona pingu.

Sauti yenyewe ilikuwa ya dakika moja na sekunde kumi, na ilisema hivi:

"Jamani wenzangu, za asubuhi. Mimi nasema nilichokiona. Yale maji tuliyoyapigia vigelegele juzi hayakutoka kisimani. Yaliletwa na gari. Gari lilikuja asubuhi na mapema, likamwaga maji kwenye tenki, likaondoka, likarudi. Mara tatu. Nilikuwa pale na nyundo yangu. Kisima kile hakina pampu. Mtaro tumechimba sisi, kokoto za tenki tumegonga sisi, halafu tunachezeshwa ngoma kwa maji ya gari. Tuulize pampu iko wapi."

Aliyesema ni Febronia, mama mkwe wake. Alikuwa mjane wa miaka sitini na nane, mgonga kokoto. Aliwatumia wanawake wenzake wa kokoto, kumi na mmoja pamoja naye, kwenye kundi lao la simu. Hajui kuandika, kwa hiyo mambo yake yote huyasema kwa kubonyeza na kuongea. Wanawake hao hulitumia kundi kuambizana lori la mteja limefika au mwenzao anaumwa, na maneno hayakuwahi kutoka nje. Safari hii yalitoka. Mmoja alimtumia mwanawe, mwana akawatumia wenzake, na fundi mmoja wa mambo hayo akaichukua ile sauti akaiweka juu ya picha za sherehe ya kuzindua bomba, zile ambazo ofisi ya mtaa ilikuwa imezirusha yenyewe kwa majigambo. Mgeni rasmi anakata utepe, maji yanaruka, watu wanacheza, na juu yake bibi anasema: yaliletwa na gari. Kufika Ijumaa watu wa Mitundu walikuwa nayo, na wa Kinyangiri pia, na watu wa Dodoma wakawa wanacheka.

Ilikuwaje laini ya mama mkwe ikawa kwa jina la mkwe? Hapo hakuna ujanja wowote. Wakati ule serikali ilipotangaza kwamba laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole itafungwa, Febronia alikwenda kupanga foleni kama wengine. Wakala alimbonyeza kidole cha kwanza kwenye kile kimashine, kikakataa. Cha pili kikakataa. Akampangusa kwa kitambaa, akampaka spiriti, akajaribu vyote kumi. Miaka thelathini ya kushika mawe ilikuwa imevisugua vikawa laini kama sabuni.

"Bibi, huna vidole," wakala alisema.

"Hivi ninavyokulia ugali ni vya nani?"

Watu wakacheka. Lakini laini ikabaki bila mwenyewe, na Theresia, mke wa Melkizedeki, akamwomba mumewe amsaidie mama. Melkizedeki akaweka kidole chake. Aliweka pia kwa mke wake, kwa shangazi wa mke wake na kwa jirani mlemavu. Laini tano kwa kidole kimoja, pamoja na ya kwake. Nani mtaani hakufanya hivyo? Hakuna aliyewaza kwamba siku moja kidole kitaulizwa kinasema nini.

Mpelelezi aliyempokea kituoni aliitwa Stanley. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mnene kiasi, mwenye mafua, na alimpa Melkizedeki kiti kabla ya kumpa maswali.

"Mzee wangu, hii laini ni yako?"

"Imesajiliwa kwa jina langu."

"Sijakuuliza imesajiliwa kwa nani. Ni yako?"

"Ilipotea."

"Lini?"

"Zamani."

"Umeripoti?"

Melkizedeki akatazama viwiko vyake vyenye mafuta. Aliacha shule darasa la tano, na uongo ni kazi inayotaka mazoezi. Stanley akapenga kamasi, akachukua simu ya Melkizedeki iliyokuwa mezani, akaanza kutafuta ile namba. Akaikuta. Ilikuwa imeandikwa *Kule*.

"Kule ndiyo nani?"

"Ni kule."

"Kule wapi, mzee?"

Angemwelezaje? Kwao mwanamume hataji jina la mama mkwe wake. Haliandiki, halisomi, na likitajwa na mtu mwingine anaangalia pembeni. Haingii chumbani kwake, hali mbele yake, hamkazii macho. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Akitaka kumwambia neno, anampitishia Theresia. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa hiyo, Melkizedeki hakuwahi kumpigia simu mama mkwe wake hata mara moja. Aliitunza namba tu, kwa ajili ya siku ya msiba.

Stanley akapiga. Akaiweka kwa sauti kubwa, juu ya meza, katikati yao.

Iliita mara nne. Ikapokelewa. Hakuna aliyesema. Zikasikika nyundo tu, ko, ko, ko, na mtu anayepumua. Melkizedeki akaomba moyoni, nyamaza, mama, nyamaza tu, kata simu. Stanley naye hakusema kitu. Alikuwa ameshajifunza kazi.

Lakini upande wa pili kulikuwa na mwanamke anayeiona namba ya mkwe wake kwa mara ya kwanza maishani, mchana, siku ya kazi. Kwake hiyo ilikuwa na maana moja tu.

"Nani amekufa?" Febronia aliuliza. Nyundo zikakoma nyuma yake. "Mkwe, nani amekufa? Ni Theresia? Niambie, mwanangu, ni Theresia?"

Stanley akakata simu. Akapangusa pua.

"Sauti ndiyo hiyo," alisema.

Melkizedeki alikuwa anaangalia ile simu kama mtu anayeangalia mbwa aliyemng'ata wakati anamlisha.

"Sikiliza, mzee," Stanley akasema, na sasa alikuwa anaongea taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. "Kuna wakubwa wanataka faili hili likamilike wiki hii. Siyo mimi. Mimi ningelala zangu na mafua yangu. Sasa kuna njia mbili. Ya kwanza, useme maneno yale ni ya kweli. Ukisema ni ya kweli, nitahitaji aliyeona gari. Wewe hukuliona, ulikuwa kwenye mashine. Basi nitakwenda kwenye kokoto, nitawachukua wote kumi na mmoja, mpaka nimpate aliyeona."

"Na ya pili?"

"Ya pili, useme ni uongo. Uongo hauhitaji shahidi. Mtu mmoja aliutunga, akautuma kwa laini yake, basi. Faili linafungwa hapo ulipokaa."

"Na sauti ya mwanamke?"

"Utaniambia wewe."

Melkizedeki akafikiri. Alimfikiria mama mkwe wake mahabusu, amevuliwa kilemba. Akafikiria kifua chake, jinsi anavyokohoa asubuhi. Akafikiria sakafu ya saruji mwezi wa saba, baridi ya Singida inavyouma, upepo unavyopita chini ya mlango. Halafu akafikiria kwamba bibi yule hakusema uongo. Mtaa mzima ulijua. Bomba lilitoa maji siku moja na nusu, likakohoa, likakauka, na sasa mbuzi wanajikunia pale.

"Andika nilimkuta mama mmoja njiani," alisema mwishoni. "Simjui. Nikamwambia aseme, akasema. Nilimpa mafuta lita moja."

"Lita moja," Stanley akarudia, akiandika. "Na maneno?"

"Niliyatunga mimi."

"Ulijua ni ya uongo?"

Hapo ndipo aliposita. Nje mtu alikuwa anawasha pikipiki, inakataa, anawasha tena.

"Nilijua," alisema Melkizedeki.

Akasomewa, akaweka dole gumba chini ya karatasi. Lile lile. Halikukataa.

Febronia alifika kituoni saa nane mchana. Alikuwa ametoka kwenye kokoto moja kwa moja, akapitia kwa Theresia, akamkuta binti yake mzima, akaambiwa yaliyotokea. Hakukaa hata kunywa maji. Melkizedeki alimsikia kabla hajamwona, maana chumba cha mahabusu kilikuwa nyuma ya kaunta, na mlango wake ulikuwa wa nondo. Alikuwa amevuliwa shati, mkanda na viatu. Akageukia ukutani, akachuchumaa pembeni kabisa, nyuma ya mwizi mmoja wa kuku, ili asionekane hivyo na mama mkwe wake.

"Shikamoo bibi," alisema askari wa kaunta.

"Marahaba. Nimekuja. Ile sauti ni yangu. Mtoeni yule, niingie mimi."

Askari akamwita Stanley. Stanley akaja, akamwangalia, na bila shaka aliijua sauti ile kwa neno la kwanza tu.

"Bibi, rudi nyumbani."

"Nirudi nyumbani kufanya nini? Nimesema mimi. Nilisema nikiwa nimekaa pale kwenye mawe, saa moja asubuhi, kabla ya uji."

"Una laini kwa jina lako?"

"Vidole vyangu vilikataliwa."

"Una simu yenye risiti ya jina lako?"

"Simu alininunulia mwanangu."

"Basi huna laini, huna simu, huna kidole. Nitakuandika wapi?"

"Niandike hapo hapo mlipomwandika mkwe wangu!"

Stanley akamshika mkono, kwa heshima, akamsogeza kwenye benchi lililokuwa karibu na nondo, na akainama. Alidhani anamnong'oneza, lakini Melkizedeki alisikia kila neno.

"Mama yangu, nikikupandisha wewe kizimbani, na hicho kilemba, na hiyo mikono, kesho utakuwa kwenye simu za nchi nzima. Nitahamishwa niende nikahesabu nyani. Mshtakiwa ameshakiri. Faili limekwisha."

"Amekiri nini?"

"Kwamba ni uongo."

Mwizi wa kuku akageuka kumtazama Melkizedeki, Melkizedeki akazidi kujikunja.

"Mtoto wa mtu," Febronia alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Mfunge unayetaka kumfunga. Nifunge mimi, mfunge yeye, tufunge wote. Ila usiandike kwamba nimesema uongo. Nina miaka sitini na nane. Mume wangu nilimzika, watoto watatu nimezika, na sikuwahi kusema uongo mbele ya watu. Gari lilikuja mara tatu. Andika hivyo. Mara tatu."

"Nenda nyumbani, mama."

Alikaa kwenye lile benchi mpaka jua lilipopungua, kisha akaondoka. Hakusogea kwenye nondo. Hata siku ile, hakumkazia mkwe wake macho.

Theresia alihangaikia dhamana. Mselemu alikubali kuwa mdhamini, tena bila kuvuta maneno, maana bila Melkizedeki mashine moja ilikuwa imelala na wakulima wanamtukana. Lakini mdhamini lazima awe na barua ya mtendaji wa mtaa, yenye muhuri, ya kusema anafahamika. Na mtendaji wa mtaa ule ni Yeremia, yule yule aliyesimamia mradi wa bomba, yule anayeonekana kwenye picha za uzinduzi akipiga makofi nyuma ya utepe.

"Karibu, dada Theresia," Yeremia alimwambia siku ya kwanza. "Yaani nimesikitika! Melki ni mtu wangu. Lakini muhuri umechukuliwa kata, njoo kesho."

Kesho yake muhuri ulikuwepo, wino ukawa umekauka. Siku ya tatu wino ulikuwepo, Yeremia akawa semina. Siku ya nne Theresia alimkuta, akapiga magoti pale mlangoni, mbele ya watu.

"Inuka, dada, unanitia aibu," Yeremia alisema. "Mimi ndiye niliyetukanwa, unajua? Watoto wangu shuleni wanaitwa watoto wa maji ya gari. Sasa niandike barua ya kumtoa aliyenitukana? Ungekuwa wewe ungeandika?"

"Si alisema tu pampu iko wapi?"

"Pampu ipo."

"Iko wapi?"

Yeremia akafunga daftari. Jioni ile mtu wa leseni alipita kwa Mselemu, akauliza kwa upole leseni ya banda inaisha lini, na kama ile mashine ya pili imesajiliwa. Mselemu akamwita Theresia pembeni.

"Mwanangu, mimi nina familia na mashine mbili," alisema. Hakuweza kumtazama. Alimpa galoni la mafuta, na Theresia akalipokea, maana nyumbani hakukuwa na kitu.

Kesi ilisikilizwa baada ya wiki tatu. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, na Melkizedeki alipoingizwa alimwona Theresia benchi la mbele na Febronia la nyuma kabisa, karibu na mlango, amevaa kitenge chake cha kanisani. Stanley alikuwa pale pia. Mafua yalikuwa yamepona.

Asubuhi ile, ndani ya gari la mahabusu, Melkizedeki alikuwa amejiambia kwamba atakataa. Atasema maneno yale ni ya kweli, wafanye watakavyo. Alijiambia hivyo njia nzima, mpaka meno yakamuuma kwa kuyabana. Lakini alipomwona mama mkwe wake pale nyuma, na kuona jinsi alivyokaa mbele kidogo ya kiti kama mtu aliye tayari kusimama, alijua akisema ni kweli tu, bibi huyu atanyanyuka na kusema mimi ndiye shahidi. Na wenzake kumi watafuata.

Akasomewa shitaka la kusambaza taarifa za uongo kwa njia ya mtandao.

"Ni kweli au si kweli?" hakimu aliuliza.

"Ni kweli, mheshimiwa."

"Yaani unakiri kwamba taarifa zile zilikuwa za uongo?"

Melkizedeki alishika ukingo wa kizimba. Akatazama chini, kwenye viatu vya karani.

"Zilikuwa za uongo."

"Sema kwa sauti. Mahakama isikie."

"Zilikuwa za uongo! Hakukuwa na gari. Mimi nilitunga."

Alisikia benchi la nyuma likilia, ule mlio wa mbao mtu anaponyanyuka. Akasubiri sauti ya mama mkwe wake. Alisubiri kwa hofu, na ukweli ni kwamba sehemu moja yake ilisubiri kwa hamu, aseme, apasue kile chumba kwa ile sauti, yaishe. Haikuja. Mlango ulifunguliwa, ukafungwa. Hakimu akaandika miezi sita.

Ilimgharimu hivi. Wiki tatu za mahabusu, na miezi minne gerezani baada ya kupunguziwa. Msimu mzima wa alizeti. Kazi yake kwa Mselemu, maana mashine haiwezi kumsubiri mfungwa, na aliyechukua nafasi yake anaifanya vizuri. Simu yake ilibaki kuwa kielelezo, na hajarudishiwa. Laini tano zilizokuwa kwa kidole chake zilifungwa zote siku moja: yake, ya Theresia, ya shangazi, ya jirani asiyeweza kutembea, na ile ya kule. Binti yao Happiness, aliyekuwa anasoma bweni, alikaa siku arobaini bila kusikia sauti ya mama yake, akadhani wamemficha msiba, akatoroka shule, na shule haikumpokea tena. Kundi la wanawake wa kokoto lilifutwa na aliyelianzisha. Kati ya wagonga kokoto kumi na mmoja, saba walihamishwa pale kwa amri ya ofisi ya mtaa, Febronia akiwa wa kwanza. Hakuna aliyeulizwa tena kuhusu pampu, na hakuna aliyeuliza.

Na Febronia. Zamani, kila Jumapili, alimpa Theresia salamu za kumpelekea mkwe, na mara nyingine karanga kwenye kikopo. Tangu siku ile ya mahakama hajatuma salamu hata moja. Ni mwaka mmoja na miezi miwili.